Kishikizo cha Nyumbani
Wako wasemao ati kishikizo kilichotengenezwa nyumbani ni aibu kwa ndege ya povu na nyuzi za kioo. Hoja hii haina miguu. Bolti ikikazwa juu ya povu, povu hubonyea, hata bolti ikitoka kiwanda bora; hudumu kazi ya fundi aliyechimbua povu akatia kitu kigumu cha kutawanya mzigo. Basi sifa ya kishikizo ni kazi yake, si mahali kilipozaliwa. Walakini uhuru wa mkono haufuti wajibu. Mwaka 1997, huko California, mwimbaji John Denver alianguka na Long-EZ akafa; uchunguzi ulitaja, miongoni mwa mambo mengine, mpini wa vali ya mafuta ambao mjenzi aliuweka nyuma ya bega la rubani, kinyume cha michoro. Kosa halikuwa kutengeneza nyumbani. Lilikuwa kumsahau atakayeketi kitini.