Udongo upimwe kabla ya kujenga

Mhariri,

Kiwanda kikifungwa hapa Mombasa, jambo la kwanza kuulizwa ni zitakatwa ploti ngapi. Udongo wenyewe haupimwi, na hilo linaniuma.

Kule mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, tumeyaona. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa, sumu ya risasi ikabaki ardhini na katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahali pale pasafishwe.

Kufufua ardhi kunawezekana, tena hapa hapa. Kule Bamburi, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, mpaka akaleta majongoo: wakayala, kinyesi chao kikawa mboji. Leo ni msitu, na twiga wamo.

Kaunti isitoe kibali cha ujenzi kwenye ardhi ya kiwanda kabla majibu ya vipimo vya udongo hayajabandikwa kwa chifu, kwa Kiswahili, kila mkazi asome. Na gharama ya kusafisha alipe aliyechafua.

Mkazi wa Changamwe,
Mombasa