Hewa Iliyogeuka Kuwa Barabara

Mtoto akituuliza chombo kisicho na mtu husafiri vipi kikishafika sayari nyingine, wengi wetu humjibu haraka: kwa roketi. Jibu hilo lina upungufu, kwani palipo na hewa nzito, hewa yenyewe yaweza kuwa barabara.

Tuitazame Zuhura, ile nyota ing'aayo alfajiri au magharibi. Ardhi yake ina joto lipatalo nyuzi 460, na hewa yake hukandamiza mara 90 kuliko yetu. Mwaka 1982 chombo cha Kisovieti, Venera 13, kilitua huko, kikatuma habari kwa dakika 127, kisha kikanyamaza.

Wataalamu walipokwisha kuona hayo, waliuliza: je, ni lazima kutua? Juni 1985, vyombo vya Vega 1 na Vega 2 viliacha katika anga hiyo puto mojamoja lililojazwa heliamu, lenye upana wa mita tatu na nusu hivi. Yalielea yapata kilomita 54 juu, ambako joto ni kama la siku kali ya jangwani. Hayakuwa na injini wala usukani. Upepo uliyachukua kwa kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa, na kabla ya betri kwisha, kwa muda wa saa 46 hivi, kila moja lilikwisha kusafiri takriban kilomita 11,000.

Mabaharia wetu wa zamani wasingestaajabu sana. Jahazi la Arabuni lilikuja kwa kaskazi likarejea kwa kusi. Lakini nahodha alikuwa na usukani. Puto huenda liendako upepo tu.

Ndiyo sababu Wamarekani wanatengeneza Dragonfly, chombo chenye rafadha nane, kinachotarajiwa kurushwa mwaka 2028 kwenda Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Huko hewa ni nzito mara nne kuliko yetu, na mvutano ni kama moja ya saba ya huu wetu, hivyo kuruka ni kwepesi. Kwa kuwa amri kutoka duniani huchukua zaidi ya saa nzima kufika, chombo kitajiongoza chenyewe kirukapo na kituapo.

Basi mtoto akiuliza tena, tusiharakishe kumjibu. Tumwulize nasi kwanza: huko kiendako, hewa ikoje? Waliofanikiwa walianzia hapo.