Nani Kasema Mashine Haipigi Laivu?

Kuna kauli ambayo huku Karagwe utaisikia kwenye kamati za harusi, kwenye mabaraza ya wazee, hata kwa vijana waliosoma: muziki wa kompyuta si muziki wa jukwaani. Bendi hupiga laivu, mpiga nanga hupiga laivu, ngoma hupigwa laivu. DJ na prodyuza hubonyeza tu. Kisha huja nyongeza, kwa sauti ya masikitiko: muziki huo ni wa Wazungu, na sisi tuliozaliwa jirani na makao ya mfalme Rumanyika tungebaki na chetu.

Kauli hiyo imefunga pamoja madai mawili, na kila moja linaishi kwa kuegemea lingine. Nianze na hilo la Wazungu, maana halihitaji nguvu nyingi.

Wasafiri wa Kiingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, hawakukuta ufalme uliojifungia mlango. Kafuro, kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani, kilikuwa jirani na Bweranyange, makao ya mfalme huyo, na bidhaa za ng'ambo zilishazoeleka. Katika kitabu chake cha 1863 Speke ameandika juu ya ngoma zilizopangwa uani siku ya mwezi mwandamo, na juu ya nanga iliyopigwa mbele ya wakubwa. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za bata na ng'ombe za shaba, na humo humo ilikuwamo bunduki aliyoiacha Speke. Mtu aliyeweka bunduki ya mgeni pamoja na vitu vya fahari vya ufalme wake hakuwa na woga wa vyombo vya kigeni. Woga huo tumejitungia sisi, halafu tumemsingizia yeye.

Hata nanga yenyewe imebuniwa na fundi, haikuota shambani. Ni ubao uliochimbwa kwa tezo, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa kwenye meno ya upande huu, ukarudi upande ule, mara saba au nane, kila mara ukikazwa kwa kiasi chake. Aliyeitengeneza alipiga hesabu ya sauti kabla mpigaji hajagusa chochote. Sioni kwa nini hesabu iliyofanywa kwa tezo iitwe utamaduni, na ile iliyofanywa kwa laptopu huko Mburahati, Dar es Salaam, iitwe uvivu.

Na kama swali ni nani alitangulia, basi twende Cairo, mwaka 1944. Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri, aliazima mashine nzito ya kurekodia sauti kwenye waya, akaenda nayo kwenye shughuli ya zari, ngoma ya kupunga pepo ambayo ina ndugu zake katika pwani yetu. Alirudi na sauti za wanawake wale, akazipitisha kwenye vyumba vya mwangwi, akaondoa hiki na kukuza kile, hata ikatoka kazi ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za muziki wa kielektroniki duniani. Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa baba wa mtindo huo, alitoa kazi yake ya sauti za treni mwaka 1948. Miaka minne baadaye, yaani. Mganga wa pepo alikuwa ndani ya mashine kabla ya treni ya Paris.

Dai la kwanza, la kwamba mashine haipigi laivu, ni zito zaidi, kwa sababu lina haki ndani yake. Watu wa mikoani tumedanganywa sana. Msanii anatoka Dar es Salaam, tiketi zinauzwa, jenereta linanguruma, halafu anapanda jukwaani na pleibeki: CD inaimba wimbo mzima naye anadakia neno la mwisho la kila mstari huku akitugeuzia maikrofoni ili tumwimbie sisi. Aliyelipa fedha yake ya kahawa kwa ajili ya hilo ana haki ya kuwa na hasira. Lakini hasira hiyo imeelekezwa pasipostahili. Pleibeki ni muziki uliokwisha kuamuliwa. Hata mvua ikinyesha, hata watu wote wakiondoka, utaisha dakika ile ile uliyopangiwa kuisha. Ubaya wake uko hapo, wala hautokani na waya na umeme. Bendi ya magitaa inayopiga nyimbo zile zile kumi kwa mpangilio ule ule, macho juu ya saa na bahasha, haina tofauti kubwa na CD.

Kwa hiyo kipimo changu cha laivu ni kimoja: je, watu waliopo wanaweza kuubadilisha muziki? Kwa kipimo hicho mpiga nanga amefaulu karne nyingi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza na kuwarekodi watambaji wa Kihaya, aliandika mwaka 1983 kuuliza kama watu hawa ni wasanii wa tendi, akajibu kuwa ndio, wakati ambapo wataalamu wa nje walishazoea kusema Afrika haina tendi za kuhesabika. Msikilizaji wa nanga hakai kimya kama mtu aliye kanisani. Huitikia, hutania, huhimiza, na mtambaji hurefusha pale alipohimizwa.

Sasa pima muziki wa singeli kwa kipimo hicho hicho. Ulizaliwa Manzese, Tandale na vitongoji vya jirani vya Dar es Salaam, katika vigodoro, sherehe za kukesha barabarani. Ulirithi mchiriku, ule muziki wa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na vipaza sauti chakavu, ambao Ulaya waliusikia vizuri mwaka 2012 kupitia albamu ya Jagwa Music iitwayo *Bongo Hotheads*. Mwendo wake ni biti 200 hadi 300 kwa dakika, wakati muziki wa hausi uliotoka Chicago hutembea kwenye 120 na kitu. Katika mwendo huo DJ hana nafasi ya kubonyeza na kukunja mikono. Anakata kipande, anakirudia, anakipandisha sauti mpaka kinalia kama mtoto, anakiacha kianguke pale MC anapovuta pumzi. MC naye anamwita mtu kwa jina, anamsifu mama mwenye shughuli, anamchokoza jirani aliyesimama mlangoni. Huwezi kuirekodi kazi hiyo jana ukaileta leo, kwa kuwa jirani yule jana hakuwepo mlangoni.

Nami nina albamu za singeli ninazozirudia. Ya kwanza ni *Sounds of Sisso*, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikiwa na maprodyuza na wachanaji waliokusanyika kwenye studio ya Sisso, Mburahati. Inayofuata ni *Poaa* ya Bamba Pana, 2018, hasa pale sauti ya Makaveli inapoingia na kuchana juu ya biti ambayo mtu mwingine angeikimbia. Kisha *Mr Mixondo* ya DJ Travella, 2022, na *Singeli Ya Maajabu* ya Sisso na Maiko, 2024, ambapo kinanda cha Maiko kinacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Nazipenda, na bado nasema zimechangia kuutia nguvu uongo ninaoupinga. Albamu hizi zilipokwenda Ulaya, kilichosifiwa zaidi ni mwendo wa kasi na makelele ya biti, na prodyuza akawa ndiye uso wa singeli. Kwetu uso wa singeli ni mchanaji: Msaga Sumu, Dulla Makabila, Sholo Mwamba. Msikilizaji wa Berlin anaweza kuipenda *Poaa* miaka saba bila kujua kuwa nusu ya utamu ni matusi ya mapenzi na mafumbo ya mtaa. Ukiondoa maneno, ukaondoa na watu wa kuyajibu, kinachobaki ni mashine peke yake, na hapo mzee wa Bweranyange anayeisikia kwenye simu ya mjukuu wake ana sababu ya kuuliza: mwenye muziki yuko wapi? Jibu ni kwamba yuko kwenye kigodoro, na kigodoro hakiingii kwenye kanda.

Jambo hili si la Dar peke yake. Kwa sisi wa Karagwe, Kampala iko karibu kuliko Dar, kwa hiyo nitoe mfano wa huko Uganda. Katika nchi ya Waacholi, baada ya miaka ya vita vya Kony, kuita kikundi kizima cha ngoma ya larakaraka kwa ajili ya harusi kulizidi uwezo wa wengi. Leo Palayeng akatengeneza mapigo ya ngoma na vinubi kwenye kompyuta, Otim Alpha, aliyewahi kuwa bondia, akasimama mbele akaimba. *Gulu City Anthems* ya 2017 imekusanya kazi hizo. Ngoma haikuuawa na mashine hapo. Iliuawa na vita na umaskini, na mashine ikaipa mahali pa kujihifadhi. Watu wanaolalamika kwamba kompyuta imewanyang'anya wapiga ngoma kazi wangeanza kwa kuuliza ni nani aliwalipa wapiga ngoma hao mara ya mwisho, na kiasi gani.

Harusi ya huku kwetu haina tofauti. Nilikuwa kwenye moja Omurushaka, DJ alikuwa katikati ya “Salome” ya Diamond na Rayvanny ya mwaka 2016, vijana wametawala uwanja, mara akaona kina bibi upande wa mama mzazi wakianza kujifunga vitenge viunoni. Kijana yule alishusha biti polepole, akateleza hadi kwenye “Maria Salome” ya Saida Karoli, ile iliyozaa ya Diamond, kisha akaushika mwanzo wake, akaurudia na kuurudia bila kuuachia uendelee, mpaka bibi wa mwisho, mwenye fimbo, alipofika katikati. Ndipo akauachia. Wimbo ule ulirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uamuzi wa kuungoja mguu wa bibi ulifanyika jioni ile, na mbele yetu sote. Kama hiyo si laivu, basi sijui mwenye kauli anataka nini, labda jasho.

Nakubali kuna wasiofanya hivyo. Wapo wanaochomeka flashi, wanakwenda kula pilau na kurudi kukiwa kimya. Nakubali pia kwamba sauti imezidi. Mtambaji wa nanga hawezi kushindana na spika nane zilizopangwa nje ya hema, na kumweka kando yazo bila kipaza sauti ni kumdhalilisha. Ila dawa yake ipo. Mwanamuziki Hukwe Zawose wa Bagamoyo aliingia studio na Michael Brook, fundi wa sauti za kielektroniki, wakatoa *Assembly* mwaka 2002, na ilimba yake, kinanda cha vidole, haikupoteza heshima. Wanamuziki wa Konono No. 1 wa Kinshasa waliziunganisha likembe zao, nazo ni vinanda vya vidole, na umeme kwa vifaa walivyovichokonoa kwenye magari mabovu, na *Congotronics* ya 2004 ikaizunguka dunia.

Kwa hiyo kamati ya harusi itakayokaa msimu huu baada ya mauzo ya kahawa ina kazi ndogo. Imtafute mpiga nanga mmoja, wapo bado, imlipe sawa na DJ, ibandike maikrofoni ndogo kwenye ubao wa nanga, iwakalishe wawili hao meza moja saa mbili kabla ya wageni kufika ili wasikilizane mwendo. Gharama ya ile maikrofoni haizidi kreti chache za soda. Na kabla ya kumpa DJ malipo ya awali, imwulize swali moja tu: wazee wakiinuka, utafanya nini?