Bidoni tupu na msumari mmoja vinaweza kumlinda mtoto

Katika parseli nyingi za Kolwezi, jikoni haina bomba wala kabati. Vyombo vinaoshwa inje, katika beseni. Sabuni, brosi na javeli vinabaki chini, pale mtoto anapotambaa. Tena javeli inanunuliwa kidogo kidogo na kutiwa katika chupa ya maji ao ya sukre. Mtoto mwenye kiu atajuaje tofauti?

Wengine watasema kwamba familia iliyokimbia vita, ao iliyoondolewa kwake sababu ya machimbo kama ilivyokuwa Kasulo mwaka 2017, inatafuta unga kwanza. Ni kweli, unga unatangulia. Lakini ni katika chumba kimoja cha kupanga, watu wengi na vitu vimerundikana, ndipo hatari inapoongezeka. Na dawa yake haiombi pesa nyingi.

Chukua bidoni mbili tupu za mafuta ya kula, za litri 5. Zioshe. Kata upande mmoja wa kila bidoni kwa kisu, kama dirisha, na uache mkono wake juu. Ya kwanza itobolewe chini ili maji yatoke: humo mtaweka sabuni, sponji na brosi. Ya pili itundikwe kwenye msumari wenye nguvu, juu kabisa, mbali na mikono ya watoto: hiyo ni ya javeli peke yake, katika chupa yake iliyofungwa na kuandikwa jina.

Mambo matatu yasisahauliwe. Bidoni iliyobeba asidi ao dawa za kiwanda isiingie nyumbani; huku kwetu asidi inatumiwa kutoa shaba na kobalti katika mawe, na bidoni zake si za jikoni. Javeli isichanganywe na asidi wala siki, kwa sababu inatoa hewa ya sumu. Na mtoto akinywa javeli, asilazimishwe kutapika: asukutuliwe kinywa, apelekwe mbio kituo cha afya pamoja na ile chupa.

Wanaogawa sabuni na javeli kwa waliohamishwa nao wana deni. Kumpa mama javeli bila chupa ya kufungika na bila maelezo ni kumpa nusu ya msaada. Nusu nyingine ni mahali salama pa kuiweka, na hapo bidoni tupu inatosha.