MWALIMU WA KUJITOLEA AACHE MWALIMU NYUMA YAKE

Ndugu msomaji, ukitaja habari ya kujitolea kufundisha ugenini, wengi wetu huona mara moja kijana wa Kizungu mwenye mkoba mgongoni. Si ajabu. Shirika la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958 kwa kuwatuma vijana waliokuwa wametoka shuleni juzi tu. Peace Corps la Marekani likafuata mwaka 1961, na walimu wake wengi walifundisha hapa kwetu katika shule za harambee. Lakini eti Mkenya naye avuke mpaka akajitolee? "Utatoa nini nawe mwenyewe huna?" Ndivyo walivyoniuliza jamaa zangu nilipowaambia kwamba nakwenda Jinja, Uganda, kufundisha Kiswahili muhula mzima bila mshahara, ilhali bado nasomea ualimu.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii na mwanachama wa zamani wa chama hiki, nami nimeombwa nitoe maoni yangu. Maoni yenyewe ni haya: kwenda ni jambo jema, tena vijana wetu na waende kwa wingi. Lakini anayekwenda asinyakue darasa. Aende kufanya kazi bega kwa bega na mwalimu wa pale, ili siku akifunga safari ya kurudi, somo lisifunge safari naye.

Kwanza, kwa nini Uganda? Wenzetu hawa wamevutana na Kiswahili kwa miaka mingi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga wazi kisifanywe lugha rasmi ya watu wake. Baadaye kikawa lugha ya jeshi na polisi, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wananchi walioteswa na askari walikichukia pamoja na askari wenyewe. Mzee mmoja aliniambia kwamba enzi zile ukisikia Kiswahili mlangoni usiku, ulijua balaa imebisha hodi.

Lakini mambo yamegeuka. Katiba yao ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 ukakiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya Senior 1 na Senior 2, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili. Jamani, hayo yote ni mazuri, ila sheria haishiki chaki! Hayo masomo yatafundishwa na nani?

Katika shule niliyokwenda, Kiswahili kilikuwa mikononi mwa mwalimu wa Luganda aliyeongezewa vipindi. Alikuwa mtu mzima, mwenye bidii, lakini alijifunza somo jioni ili alifundishe asubuhi. Mwalimu mkuu aliponiona alifurahi mno, akataka kunikabidhi madarasa yote ya Kiswahili ili yule mwalimu apumzike. Nilikataa kwa adabu, nikaomba tuingie darasani sisi wawili. Wengine katika chumba cha walimu walidhani nakwepa kazi. La hasha! Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Muhula ni kama majuma 12. Nikifundisha peke yangu, watoto watapata majuma 12 ya Kiswahili, kisha warudi pale pale. Nikifundisha pamoja na mwalimu atakayebaki, watakaofaidika ni hata wale ambao bado wako shule ya msingi.

Basi tuliandaa azimio la kazi pamoja, tukaandika maandalio ya somo pamoja. Juma hili mimi ningefundisha yeye akae nyuma aandike maswali, juma lijalo afundishe yeye, nami nikae nyuma. Usidhani kwamba mwenye faida alikuwa yeye tu. Mimi nilikwenda na ufasaha, lakini yeye alijua wale watoto wanafikiri kwa lugha gani, na hilo sikulipata chuoni.

Chukua mfano wa ngeli. Mwanafunzi alisema "kijana hiki anacheza". Wakenya wengi tungecheka. Mwenzangu hakucheka. Alinieleza kwamba katika Luganda, ambayo wengi wa wanafunzi wale waliielewa, kiambishi cha nomino ndicho hutawala. Wao husema *ekitabo kino*, yaani kitabu hiki, na vilevile *ekisolo kino*, yaani mnyama huyu. Kwa hiyo mtoto ameona "ki" ya kijana akafuata kanuni ya nyumbani kwao. Huyo si mjinga hata kidogo! Kumbe anachohitaji ni kuambiwa jambo moja tu, kwamba katika Kiswahili chenye uhai hurudi katika ngeli ya A-WA. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "kupiga kula". Katika Luganda sauti ya r husikika baada ya i na e, kwingineko ni l, ndiyo maana kura ikageuka kula. Ningekaa peke yangu na kalamu nyekundu, ningetia mkasi madaftari yote bila kujua ugonjwa uko wapi.

Hapa sina budi kutusema sisi wenyewe. Wakenya tunaringa sana na Kiswahili tukiwa nje, ilhali hapa nyumbani tunakikimbia. Tunaongea Sheng kutwa kucha, kisha tukivuka Busia tunajiita wataalamu. Weh! Mtoto wa Jinja akikuuliza kwa nini tunasema "mwalimu wangu" na si "mwalimu yangu", Sheng haitakuokoa. Anayetaka kujitolea kesho na aanze leo, hapa hapa chamani.

Najua wapo watakaopinga, na hoja zao si haba. Watasema shule zetu nazo zina uhaba wa walimu, na mcheza kwao hutunzwa. Nakubali kwamba uhaba upo. Lakini muhula mmoja wa mwanagenzi haumalizi uhaba wa Kenya, ilhali mwalimu mmoja aliyeimarishwa Uganda, ambako somo ndiyo kwanza linachipuka, anaweza kuwafaa watoto wengi sana. Wengine watasema mwalimu wa bure humharibia kazi mwalimu wa mshahara. Hoja hii ni nzito zaidi, nami naiunga mkono. Ikiwa kuna mhitimu wa Uganda anayengoja ajira ya Kiswahili, mimi sipaswi kukalia kiti chake eti kwa kuwa silipwi. Ndiyo maana nasema mwanagenzi asipewe darasa lake peke yake. Akiwa msaidizi, hakuna atakayemtumia kama kisingizio cha kutoajiri.

Yale ninayodai kwa anayekwenda kwao, nayadai pia kwa anayekuja kwetu. Akija mwalimu wa kujitolea katika shule hii, awe ametoka London au Kampala, tumpokee kwa mikono miwili. Lakini akae muhula mzima, si majuma mawili ya kupiga picha. Afanye kazi na mwalimu wetu, na ajifunze walau salamu zetu kabla ya kutufundisha zake.

Kwenu nyinyi mnaotaka kuwa walimu, mgeni njoo mwenyeji apone. Pimeni kujitolea kwenu kwa swali moja: nikiondoka, ni nani atakayeshika chaki? Kama jibu ni "hakuna", ombeni kwanza mpangiwe mwenzenu wa pale, ndipo mkate tiketi.

Nami hapa naweka kalamu chini. Wasalaam.