Rubani na Aliyemfungulia Mlango

Michezo ya senema ya vita vya angani haishi wapenzi. Ndege ikawaka moto, rubani akajitupa kwa mwavuli ndani ya nchi ya adui, na ukumbi mzima hushika roho. Akirudi kwao salama, watu humpigia makofi. Mimi, kwa maoni yangu, naona makofi hayo aghalabu yamkosa mwenyewe.

Tuutazame mchezo wa Waingereza, "One of Our Aircraft Is Missing", ulioonyeshwa mwaka 1942, vita vingali vimepamba moto. Waliutengeneza Michael Powell na Emeric Pressburger. Wanajeshi sita wa ndege ya mabomu washuka kwa miavuli Uholanzi, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Anayewahoji, apate kuhakikisha kuwa si majasusi, ni mwalimu wa kike. Mwanamke mwingine, ambaye mbele ya Wajerumani hujifanya kuwachukia Waingereza, ndiye awasaidiaye kuvuka. Mchezo wenyewe hauna muziki, na mashujaa wake khasa ni wenyeji.

Michezo mingi iliyofuata imelisahau funzo hilo. Mwenyeji huonekana dakika mbili, akatoa mkate, akatoweka. Na hali hatari yao haikuwa sawa. Rubani aliyekamatwa na sare yake alikuwa mfungwa wa vita, na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulimwekea haki zake. Aliyemficha darini hakuwa na kinga hiyo. Wengi walipigwa risasi au walitiwa katika kambi za mateso.

Ushahidi upo. Mwaka 1941 binti wa Kibelgiji, Andrée de Jongh, mwenye umri wa miaka 24, alianzisha pamoja na wenzake njia ya siri iliyoitwa Comète. Wanajeshi walitoroshwa kutoka Ubelgiji, wakapitishwa Ufaransa, wakavushwa milima ya Pyrenees hadi Hispania. Yeye mwenyewe aliwasindikiza zaidi ya watu 100. Alikamatwa Januari 1943, na baadaye akapelekwa kambi ya Ravensbrück. Baba yake, aliyeshiriki kazi hiyo, aliuawa kwa risasi mwaka 1944. Binti alinusurika, na baada ya vita akaja Afrika kuwauguza wenye ukoma, Kongo na Ethiopia. Alifariki mwaka 2007.

Sisi tuliosoma chuoni twamjua ibn sabil, msafiri aliyekatikiwa na njia, na haki aliyowekewa. Lakini haki hiyo haijitimizi yenyewe. Yataka mtu wa kufungua mlango usiku, naye anajua kuwa jirani aweza kumchongea na watoto wake wakaangamia naye.

Basi, msomaji, ukenda senema ukamwona rubani amekwama, mwangalie na yule ampaye maji. Na watengenezaji wa michezo hiyo, tuwadai watupe jina lake na mwisho wake. Rubani ametuzwa nishani za kutosha.