Nani Aichore Sura ya Nchi Yetu?

Wako watu wazima, na baadhi yao ni walimu, wanaoshikilia kuwa michezo ya kompyuta inayoiga urubani ni upuuzi wa vijana, na kwamba kuichorea ramani ni kupoteza wakati. Rai hii ni potofu, na yatupasa kuipinga waziwazi.

Tuzingatie kwanza jinsi ardhi ya mchezo huo inavyoundwa. Msingi wake ni vimo: nchi hugawanywa katika miraba, na kila mraba hupewa kimo chake toka usawa wa bahari. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Lakini vipimo vilivyotolewa kwa umma vilikuwa vya kila meta 30 kwa Marekani, na vya kila meta 90 kwa nchi nyingine. Vipimo vya meta 30 vilianza kutolewa kwa Afrika mwaka 2014. Tofauti hiyo si ndogo. Korongo lenye upana wa meta 60 laweza kumezwa kati ya vipimo viwili, likaonekana uwanda mtupu.

Juu ya vimo hutandikwa picha za setelaiti, kisha barabara, mito na nyumba. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Pasipo na habari, programu hubuni: huotesha miti isiyoota pale na kujenga nyumba za kigeni. Habari zikiwa na kosa, kosa hugeuka jengo. Mwaka 2020 wachezaji wa Microsoft Flight Simulator waliukuta mnara wa ghorofa 212 katika kitongoji cha Melbourne, Australia, kwa sababu mtu mmoja aliandika 212 badala ya 2 katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo yeyote aweza kuichangia. Dunia nzima ililicheka kosa hilo. Je, kosa kama hilo likitokea Nachingwea, nani atalisema?

Watajibu kuwa kompyuta za michezo hii ni ghali, nasi tuna shida kubwa zaidi. Ughali huo ni kweli. Lakini hoja haisimami. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, walichora nyumba, njia na mifereji ya Dar es Salaam ili kukabili mafuriko. Kazi yao imo katika OpenStreetMap, hazina ile ile ambamo mchezo wa X-Plane huchota barabara zake. Basi anayechora mfereji kwa ajili ya kuokoa kaya huichora pia sura ya nchi itakayoonwa na rubani wa mchezo huko ughaibuni.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Ardhi nayo ni sehemu ya mila: majina ya vilima, mapito ya mifugo, mibuyu ya mikutano. Mwalimu wa jiografia na awatoe wanafunzi darasani, wapime, waulize wazee majina, waandike. Tusipoichora nchi yetu wenyewe, itachorwa kwa kubahatisha, na watoto wetu watajifunza kuruka juu ya nchi isiyokuwapo.